Mlingano

Kabla sijaigusa kompyuta nimeshachuja mara moja leo:
maziwa ya chai, kwa kipande cha kanga iliyochoka,
utando ukabaki kitambaani, mwepesi, wa njano.
Kisha nikafungua ofisi ya ushirika, Barabara ya Kumi na Tatu,
nikawasha pangaboi, nikachuja tena.

Chombo hiki hakitaki uandike. Kinakupa visanduku.
Kushoto jedwali la Wafugaji: namba, jina, kijiji, simu.
Kulia jedwali la Maziwa: tarehe, kituo, namba, lita.
Unaishika namba ya huku kwa kipanya, unaiburuta hadi namba ya kule,
unaachia, na uzi mwembamba unabaki umetambaa katikati
kama kamba ya kuanikia nguo kati ya nyumba mbili.
Chini naweka chujio: mwezi, Machi. Lita, zaidi ya sifuri.
Nabonya. Watu mia tano tisini na wanane
wanashuka mstari kwa mstari, kila mmoja na lita zake,
nami nawatumia hela zao kabla ya adhana ya adhuhuri,
nikijiona fundi.

Wanachama wetu ni mia sita na kumi na wawili.
Sikuhesabu. Nani huhesabu wasiokuja?
Mji huu husema waja leo waondoka leo;
hao kumi na wanne waliondoka bila hata kuja.

Alhamisi akaja mmoja kwa miguu yake.
Bi Mwanabora Sechonge, wa Mlingano,
mkononi daftari la kurasa arobaini
linalonukia samli. Hakugomba. Aliketi, akasema:
"Mwanangu, Chausiku wangu kakamuliwa Machi nzima.
Niambie aliyeyanywa."

Akasoma. Tarehe mosi, saba. Tarehe mbili, saba na nusu.
Tarehe tisa, sita, ndama alikuwa anaumwa.
Jumla, kwa kalamu nyekundu: mia mbili na kumi na mbili.

Nikamtafuta. Hayumo.
Mbele yangu ana jasho na daftari, mle ndani hayumo.

Nikaubonya ule uzi mara mbili. Uzi huu huulizwa:
nilete wanaofanana tu,
au wote wa kushoto, hata wasio na wenzao?
Nikachagua wote. Bado hayumo.
Nilisahau chujio; lilikuwa linamtupa na makapi.
Nikaliondoa, akajitokeza:
Sechonge Mwanabora, Mlingano, simu yake ipo,
halafu lita, patupu. Peupe kama bakuli lililorambwa.
Nikaugeuza uzi, wote wa kulia,
yakatoka maziwa ya kituo cha Mlingano yasiyo na mwenyewe,
lita yatima, mia mbili na kumi na mbili zikiwemo.

Namba yake huku: 0417. Kule: 417.
Karani mpya wa kituo aliona sifuri ya mbele haina kazi, akaiacha.
Shuleni tulifundishwa sifuri ya kushoto si kitu.
Hii ilikuwa ada ya muhula, na dawa ya ndama.

Undugu ni kufaana, si kufanana.
Uzi huu haujalisikia hilo. Wenyewe ni kufanana tu,
herufi kwa herufi, na aliyepungukiwa na kitu kisicho kitu
si ndugu tena. Mtu wa Mlingano, akanyimwa mlingano.
Na si uzi. Mimi ndiye niliyeufunga hivyo, nikaenda kunywa chai.

Tukairudisha sifuri. Akataka kuona mwenyewe,
nikamsogezea kiti. Mstari wake uliposhuka
aliugusa kwa kidole gumba, pale pale penye 212,
akauliza kama Chausiku naye ana safu yake.
Hana. Majedwali yetu hayana ng'ombe.
"Basi mna nini?" akasema, akafunga daftari.

Kati ya wale kumi na watatu, kumi walikuwa sifuri.
Wawili hawakukamua. Mmoja bado simjui:
jina Shekue, kijiji hakikuandikwa, simu haipatikani.
Nimemwacha kwenye orodha, na weupe wake mbele.
Alama ya gumba ipo kiooni, ina mafuta. Sijaifuta.